Kipa Mwenye Majina Mawili

Bi Saada alizikwa Unguja siku ya Ijumaa, nami nilifika Jumapili, maziko yameshapita lakini hitima nimeiwahi. Niliketi jamvini na wanawake nisiowajua, nikawasikiliza wanavyomsimulia. Mmoja alisema marehemu alikuwa na ulimi mkali. Mwingine akasema hakuna mzigo wa mtu uliowahi kupotea mikononi mwake miaka yote aliyokaa China. Wa tatu, aliyekuwa akigawa kahawa, akasema mchuzi wake wa samaki haujapata mrithi. Yote kweli. Kisha huyo wa kahawa akanigeukia mimi, mgeni wa bara niliyevaa baibui la kuazima, akaniuliza, "Na weye mwenzetu, marehemu ulimjulia wapi?" Nikamjibu Guangzhou, mwaka wa yale mashindano ya mpira ya vijana, mwaka alioiokoa timu ya taifa. Wakatazamana. "Timu ya nini?" Hakuna aliyekuwa na habari. Bi Saada hakuwahi kuwaambia watu wake hata neno moja! Nilimaliza kahawa yangu kimya, lakini moyoni nilichukia, na nilirudi Dodoma nikiwa bado nimechukia. Mimi si mtu wa kunyamazia sifa, ziwe zangu au za mwenzangu, na mwaka ule una sifa za kututosha sote wawili. Ndiyo maana nimekaa kuuandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, niko mwaka wa tatu chuoni kwa ufadhili, na Kichina changu kilikuwa kizuri. Nalisema hilo bila haya kwa sababu nilikitolea jasho. Wapo wenzangu waliojifunza vitabuni wakaishia vitabuni. Mimi siku za masomo nilikuwa darasani, na siku za mapumziko nilikuwa Zhanxi, kwenye yale masoko ya viatu na nguo karibu na stesheni ya reli, nikiwapigania bei wafanyabiashara wa Kariakoo mbele ya malaobani, wale wenye maduka, ambao hukukatalia huku wanakula tambi bila hata kukutazama. Msimu wa maonyesho ya biashara ulipofika nilishinda Pazhou, kwenye kumbi ambazo ukianza kuzitembea asubuhi, adhuhuri inakukuta hujafika mwisho, nikitafsiri habari za pampu za maji na mashine za kukamua alizeti. Koo lilikauka, miguu ikavimba, lakini maneno yakaingia. Basi mashindano ya kimataifa ya vijana walio chini ya miaka kumi na saba yalipoletwa Guangzhou, timu nane za mataifa, sisi tukiwa mojawapo, kamati ilipiga simu chuoni kuuliza kama yuko mtu anayejua Kiswahili na Kichina, na mwalimu wangu akataja jina langu papo hapo. Nilipewa kitambulisho chenye picha na utepe wa kijani wa kukivalia shingoni. Nilikivaa hata nikienda sokoni kununua nyanya.

Kazi ya kwanza ilikuwa makaratasi. Mashindano yale hayakuwa na kipimo cha mifupa kama yalivyo mashindano makubwa. Umri wa mchezaji ulithibitishwa kwa karatasi tatu, yaani pasipoti, cheti cha kuzaliwa na barua ya shule. Wachezaji kumi na wanane, karatasi hamsini na nne, zote zigeuzwe Kichina kabla timu haijatua. Nilizitandaza kitandani bwenini, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama jiko la wanafunzi, na kwa siku tatu niliandika huku harufu ya kitunguu saumu ikiniambia saa ngapi. Bahasha ya kipa namba moja ilikuwa katikati ya rundo. Pasipoti, Idi Selemani Mfaume. Cheti cha kuzaliwa, Idi Selemani Mfaume. Barua ya shule, Idi Athumani Kombo, tarehe ya kuzaliwa ileile. Kalamu yangu haikusita. Nilijisemea, huyu kalelewa na mjomba, nikaendelea na karatasi inayofuata. Ninyi mliosoma shule za msingi za kwetu mnanielewa. Darasani kwetu peke yake walikuwapo watano wa namna hiyo, walioandikishwa kwa jina la mjomba, la babu, la baba wa kambo, la yeyote aliyewashika mkono siku ile ya kwanza, na jina likawaganda mpaka darasa la saba. Mgeni angeshtuka, angeuliza, angeandika maelezo pembeni. Kosa lile lilitaka Mtanzania alifanye, na Mtanzania mwenyewe nilikuwa mimi. Nilitia sahihi ya mtafsiri, nikapeleka rundo langu kwenye kamati, nikaenda kula.

Timu ilifika mwezi wa kumi na moja, hali ya hewa ikiwa imeanza kuwa ya kibinadamu. Meneja alikuwa Bwana Mkude, mtu mwenye suti mbili na simu tatu, ambaye ndani ya siku moja alikuwa amedaka maneno mawili ya Kichina, "mei wenti", hakuna tatizo, akawa anayatumia kwa kila kitu mpaka kwenye matatizo. Tatizo la kwanza lilikuwa chakula. Wale vijana walilitazama sufuria la hoteli lenye tambi na vipande wasivyovijua, wakasukuma bakuli. Siku ya pili asubuhi walikuwa wamekula mikate mitupu na ndizi, na kocha alikuwa anazungukazunguka ukumbini akishika kichwa. Nikawapeleka kwa Bi Saada. Ofisi yake ilikuwa juu Tianxiu, lile jengo la mtaa wa Xiaobei lenye maduka chini na mawakala wa mizigo juu, na ndimo nilimokuwa nikila mimi mwenyewe kila Jumamosi tangu mwaka wa kwanza. Nusu ya chumba ilikuwa katoni zilizopangwa mpaka darini. Nusu iliyobaki ilikuwa na meza, mizani ya kupimia mizigo, mswala uliokunjwa juu ya printa, na jiko la umeme la wali lenye ukubwa wa ndoo. Tui lilikuwa la kopo, samaki ni wa pale sokoni, lakini mkono ulikuwa wa Unguja. Bi Saada alisimama mlangoni akawatazama vijana kumi na wanane wanavyoingia wakiinama, akasema, "Hawa ndio wa taifa? Hawa si mifupa mitupu! Kaeni, kaeni hapo juu ya marobota, hayo mashuka tu, hayavunjiki."

Siku zote mlango ule ulikuwa wazi, na ukikaa kula ulisikia Afrika nzima ikipita ukumbini. Mkongo mmoja alikuwa akipiga kelele kwenye simu, "Non, non, patron, nilisema bleu, haukuleta bleu!" Mkenya alikuwa akimlalamikia mwenzake, "Hiyo container imestuck port wiki mbili, buda, na huyu jamaa ananiambia relax." Vijana walikula wakicheka. Waliposhiba, sahani zikabaki sakafuni, na mmoja tu ndiye aliyesimama, mrefu, mikono mirefu kuliko shati lake, akazikusanya zote akaenda kuziosha kwenye sinki la ukumbini bila kuagizwa na mtu. Wenzake wakamtania, "Kombo, umeolewa?" Aliporudi na sahani zinachuruzika maji, Bi Saada akamuuliza, "Mtoto wa nani weye, mwenye adabu hivi?" Akasema, "Wa Athumani Kombo, Bibi. Fundi baiskeli wa Lindi." "Kakulea," akasema Bi Saada, na siku hiyo Idi alipata kichwa cha samaki. Hivyo ndivyo nilivyomjua, na hivyo ndivyo alivyojulikana kambini, Kombo, mpaka kocha alimwita hivyo.

Mechi ya kwanza tulishinda mbili kwa moja. Timu tuliyoifunga siitaji, maana sina ugomvi nao tena. Wafanyabiashara wetu walifunga ofisi mchana wakaja na vitambaa vya kijani na njano walivyovinunua Zhanxi kwa robota, na jukwaa letu lilikuwa dogo lakini lilisikika. Nilikaa kwenye benchi la timu na kitambulisho changu shingoni, nikitafsiri maneno ya mwamuzi wa akiba, na kila mpira uliokwenda golini kwetu nilikuwa nakanyaga mguu wa daktari wa timu. Idi aliidaka mipira ambayo mimi nilikuwa nimeshaihesabu kuwa mabao. Hakuwa na mbwembwe. Aliidaka, akaikumbatia, akatazama huku na huku, akairusha, akarudi mahali pake. Filimbi ya mwisho ilipolia nilijikuta nalia hadharani, mtu mzima na utepe wangu, wala sikujali. Nimepata shahada mbili baada ya pale, nimefundisha watu ambao leo ni wakubwa, lakini fahari kama ile ya kutembea kutoka uwanjani nyuma ya vijana wetu, Wachina wakitupigia makofi, sijaipata tena.

Kesho yake asubuhi fahari ikanitokea puani. Bwana Mkude aliniita chumbani kwake hotelini, akanipa barua ya kamati niisome. Niliisoma kwanza kimoyomoyo. Timu tuliyoifunga ilikuwa imekata rufaa. Walikuwa wamepitia makaratasi yetu, haki ambayo kila timu ilikuwa nayo, na wakagundua kwamba kipa wa Tanzania ana majina mawili ya watu wawili tofauti. Walidai karatasi ya shule ni ya mtoto mwingine, mdogo, na kwamba huyu tuliyemweka golini ni mtu mzima aliyeazimwa umri. Kamati ingesikiliza shauri kesho yake saa nne asubuhi. Ikiridhika kwamba ni udanganyifu, matokeo yanafutwa na timu nzima inarudishwa nyumbani kabla ya mechi ya pili, ambayo ilikuwa siku hiyohiyo saa kumi jioni. Bwana Mkude alinigeukia. "Dada Petua," akasema, "hizi karatasi si ulitafsiri wewe?" Nikasema mimi. "Na hili hukuliona?" Nikasema nililiona. Hapo akakaa kitandani akavua koti. Sijawahi kujichukia kama dakika ile, kwa sababu alikuwa na haki ya kunitukana na hakunitukana.

Mchana nilikwenda kwa Bi Saada nikiwa sina hata hamu ya chakula, nikamweleza yote, pamoja na kwamba huyo Athumani Kombo ni mjomba aliyemlea Idi, huku akikuna nazi ya kweli aliyoletewa na mtu kutoka Kariakoo. Sijamaliza, Bwana Mkude akaingia, amechangamka, ameshika bahasha. "Mei wenti," akasema. "Imekwisha hiyo." Akatoa karatasi, barua ya shule, mpya, mhuri wa bluu na sahihi ya mwalimu mkuu, na jina limenyooka, Idi Selemani Mfaume. Katika mtaa mmoja wa karibu alikuwa amempata kijana mwenye kompyuta na printa, akamchapia kwa muda wa kunywa chai. "Wewe kesho unasema ya kwanza karani alikosea, shule imetuma iliyo sahihi kwa barua pepe. Unatafsiri hii. Basi." Nikamwambia hiyo ni karatasi ya kughushi. Akasema, "Dada, mtoto ni wa kweli, umri ni wa kweli, jina ni la kweli. Kilichokosewa ni karatasi, na karatasi tumeirekebisha. Ukikataa, vijana kumi na wanane wanapanda ndege kesho kwa sababu yako." Na hilo ndilo lililoniumiza, maana lilikuwa kweli. Mtu akikuomba uongo kwa jambo la uongo ni rahisi kumfukuza. Huyu alikuwa ananiomba uongo mdogo uibebe kweli kubwa, na mimi nilikuwa na deni la kosa langu mwenyewe. Niliichukua ile karatasi mkononi, nami nakiri, nilianza kutafuta kichwani maneno ya Kichina ya kuitafsiri.

Bi Saada aliendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Mkude, mie nnapeleka mizigo tangu hujaota ndevu. Forodha wakishuku karatasi, ukiwapa karatasi ya pili, wanashuku zote mbili. Karatasi haiitetei karatasi. Mtu ndiye anaitetea." Bwana Mkude akasema, "Sasa mtu nimtoe wapi, Bi Saada?" Akamjibu, "Huyo aliyemwandikisha shule kafa?" Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo hilo. "Mna simu tatu hapo mfukoni, zote mnazifanyia nini? Mpigieni huyo mjomba. Kesho kamati imuulize yeye, na huyu," akaninyooshea kifuu cha nazi, "atatafsiri kinachosemwa, si kinachotakiwa. Njia ya mwongo fupi, na ya kwenu nyie itaishia uwanja wa ndege." Kisha akaibandua sufuria ya mchuzi jikoni, akanipokonya ile barua mpya yenye mhuri wa bluu, akaitandika mezani, akaiweka sufuria juu yake. "Isije ikaniunguzia meza," akasema. Tulikula, na chakula kilipokwisha mhuri ulikuwa umeyeyuka kwenye mafuta. Siku hizi wanafunzi wangu wakiniuliza mtafsiri mzuri ni yupi, nawapa majibu ya kitaaluma, lakini kichwani mwangu naiona sufuria ile.

Chumba cha shauri kilikuwa katika ofisi za uwanja, chenye meza ndefu iliyong'arishwa mpaka unajiona, na vikombe vya chai vyenye vifuniko. Mwenyekiti alikuwa Mzee Liang, mwamuzi mstaafu, mwembamba, mwenye miwani na chupa ya chai aliyoifungua na kuifunga kila baada ya sentensi mbili. Upande mmoja alikaa mjumbe wa waliokata rufaa na daftari lake. Upande wetu alikuwapo Bwana Mkude, kocha, Idi na mimi. Mzee Liang alianza na mimi. "Karatasi hizi umetafsiri wewe?" Ndiyo. "Uliona kwamba majina hayafanani?" Niliona. "Kwa nini hukuandika maelezo?" Hapo ningeweza kusingizia uchovu. Nikasema, "Kwa sababu kwetu jambo hili ni la kawaida mno, sikulitambua kuwa ni jambo. Hilo ni kosa langu, si la mtoto wala la timu." Nikawaeleza kwamba kwetu hatuna jina la ukoo kama Wachina, mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na mtoto akilelewa na mtu mwingine, huandikwa la mlezi. Mzee Liang alisikiliza, akafungua chupa, akaifunga. Akasema, "Maelezo mazuri. Lakini na mwongo angeeleza hivyohivyo." Nikamwambia, "Basi tunaomba umuulize aliyeliandikisha."

Guangzhou ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Lindi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bi Saada alikuwa ameshampigia tangu jana, na mjomba Athumani alikuwa anatungoja. Simu haikuita mara mbili. Niliiweka mezani kwa sauti ya wazi. Alisalimia kila mtu chumbani bila kumjua hata mmoja, akaniuliza kama mtoto amekula. Mzee Liang akaniambia nimuulize, mvulana huyu ni mtoto wa nani. Akajibu, "Kumzaa kamzaa shemeji yangu Selemani Mfaume, Mungu amrehemu. Kumlea nimemlea mimi." Nikatafsiri. Kwa nini basi shuleni alimnyima mtoto jina la baba yake? Nilimtafsiria swali hilo kama lilivyoulizwa, kavu, nami nikaona aibu. Upande wa Lindi palikuwa kimya kidogo, jogoo akasikika. "Mwambie mzee," akasema mjomba Athumani, "Selemani alifariki mwezi wa kumi na mbili, na shule zilifunguliwa mwezi wa kwanza. Dada yangu alikuwa ndani, anakaa eda, hawezi kutoka. Nikampeleka mtoto mimi. Mwalimu akatwaa daftari akaniuliza, jina? Sasa kule kila asubuhi wanaitwa majina, mmoja mmoja, na mtoto anaitika. Na huyu alikuwa usiku analia anamwita baba. Nikaona, kila kukicha aitwe kwa jina la marehemu, mbele ya watoto wenzake, aseme nipo? Moyo ulikataa. Nikasema andika langu. Nilikuwa nimepanga kulirudisha akikua. Akakua, nikasahau. Kosa ni langu, msimtoe mtoto."

Nilitafsiri yote. Nilitafsiri na ile habari ya jogoo kwa namna fulani, maana ilinibidi ninyamaze mahali alipokuwa amenyamaza. Nilipofika kwenye kuitwa majina nilikunywa chai ya Mzee Liang bila kuomba ruhusa, nikaendelea mpaka mwisho, na sikuongeza chumvi wala kupunguza, na hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa ulimi wangu. Ndipo nikamtazama Idi. Alikuwa ameitazama ile simu mezani macho yamemtoka. "Hakuwahi kuniambia," akasema, kwa Kiswahili, si kwa mtu yeyote. Mzee Liang akaniuliza mtoto amesema nini, nikamwambia. Akauliza tena, hili hakulijua? Nikasema hakulijua mpaka sasa hivi. Wakatuomba tutoke.

Tulisimama nje kwa muda ambao sikuuangalia kwenye saa. Bwana Mkude hakusema mei wenti hata mara moja. Tulipoitwa, Mzee Liang alisoma uamuzi akiwa amesimama. Rufaa imekataliwa, matokeo yanabaki. Ila katika mashindano yale mchezaji atatambulika kwa jina moja tu, la kwenye pasipoti, na kabla ya kila mechi yeye mwenyewe Mzee Liang atawakagua wachezaji, uso kwa picha, na atamwita kipa wetu kwa jina hilo, asipoitika, hachezi. Kocha alinikumbatia mpaka utepe ukakatika. Nikampigia Bi Saada nikiwa bado ukumbini. Akasema, "Alhamdulillahi. Waambie wali uko tayari, na Mkude asijitie kuchelewa." Basi. Kwamba tulimaliza wa tatu kati ya timu nane, na kwamba Idi alirudi nyumbani na zawadi ya kipa bora, hayo yaliandikwa, anayetaka atayasoma. Bi Saada hakuja hata kwenye mechi moja. Alikuwa na kontena la kufunga.

Lakini kuna jambo la jioni ile ambalo halikuandikwa popote, na tuliokuwapo hatukuwa wengi. Saa tisa na nusu timu ilipangwa kwenye ujia wa kutokea vyumbani kwenda uwanjani, mahali pembamba, taa nyeupe, harufu ya dawa ya misuli. Mjumbe wa waliokata rufaa naye alikuja kushuhudia, ameshika daftari lake. Mzee Liang alisimama na pasipoti kumi na nane na miwani puani. "Namba moja," akasema, nikatafsiri. Kisha akalisoma jina mwenyewe, silabi kwa silabi, jinsi ulimi wake ulivyoweza. "Idi Selemani Mfaume."

Vijana wote waligeuka kumtazama Kombo wao. Yule mjumbe akafungua kalamu. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwa Idi, ningeweza kumgusa kiwiko, lakini mtafsiri hamsaidii mtu kujibu, nikauma ulimi wangu. Idi alikuwa ameinamisha kichwa, glovu amezibana kwapani, midomo inacheza bila sauti. Jina lile hakuna aliyekuwa amemwita kwalo tangu ana miaka sita.

"Nipo," akasema, chini kwa chini.

Mzee Liang akaitikia kwa kichwa, akaweka alama yake, akachukua pasipoti ya pili. Hapo Idi akaniita. "Dada." Nikamgeukia. Macho yalikuwa yamejaa, lakini uso ulikuwa umenyooka. "Mwombe alisome tena."

Nikatafsiri. Mzee Liang alinitazama, akamtazama yeye, akairudisha ile pasipoti ya pili chini. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akalisoma tena, majina yote matatu, polepole kuliko mara ya kwanza. Na Idi akanyoosha juu ule mkono wake mrefu, akaitika kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sauti iliyowafanya walio nje wageuke.

"Nipo!"